Maharagwe ya Kupanda

Warigia,

Nimeenda kupalilia pareto Endarasha. Majani ya chai usiyatupe, yaanike. Taa izime mkimaliza kula.

Asubuhi nilimkuta mdogo wako Wakonyo amechemsha maharagwe yote tuliyoweka ya kupanda. Nilimchapa sana kabla ya kumuuliza. Akalia, "Mama, ni wewe nilikuwa nakupikia. Ati kila siku umeshiba, na mimi sikuoni ukikula."

Mvua imeanza na shamba letu litabaki tupu.

~~Jioni nitarudi na mbegu.~~ Sitarudi na mbegu. Hakuna jirani wa kuombwa tena.

Nilikula sahani moja mbele yake. Yaliyobaki ni yenu. Mpake mafuta mgongoni, mimi nimeshindwa kumwangalia.

Mama yenu