Gauni la Liliane limekwenda harusini

Mahoro uko wapi?? Yule fundi wa Gitega, Mama Sauda, simtaki tena machoni pangu!

Si unajua dada Liliane alimpa gauni la sherehe ya vitisho ya Halloween ashone, la malkia mchawi wa hadithini? Sketi ya tabaka tabaka, na joho jeusi lenye kofia, linaburuza chini.

Leo Liliane anafungua status ya fundi. Yampayinka! Binti wa fundi yuko harusini, amevaa gauni lile lile. Na joho juu!

Tukashuka Gitega mbio na gari lake. Liliane akamwonyesha simu: "Ulivalisha mtoto yako nguo yangu?"

Fundi hata mashine hakusimamisha. "Nilikuwa nakutangazia, mama. Wote wamelisifu."

Joho limetundikwa ukutani pale, lina mchuzi, Mahoro. MCHUZI!

"Mwizi wewe!" Liliane akapiga kelele. Mtaa mzima ukatoka kutazama.

Fundi akampima Liliane juu mpaka chini. "Mwanangu alilivaa apendeze. Wewe si ulisema unataka kutisha watu? Basi nenda hivyo hivyo ulivyo, gauni la nini?"

Nikacheka. Nilijizuia nikashindwa, Mahoro, nikacheka!

Liliane amewasha gari, ameniacha. Nimesimama mlangoni kwa huyu mwizi, na yeye ndiye ananiletea kiti.