Gari la kaka limeshika barabara

Shoga, niko hospitali. Usicheke kwanza.

Unalijua lile gari la michezo la kaka? Juzi alikata springi ili likae chini. "Likiwa chini linashika barabara," anatuambia, profesa wetu wa kona.

Leo asubuhi wifi kashikwa na uchungu. Tukamwambia kaka aazime gari la jirani. Hataki! Mkewe abebwe na jirani, na yeye ana gari la maana?

Kona ya kwanza tu, gari likadunda kama mpira, tairi likasugua bodi, usukani ukagoma. Tuliponea chupuchupu kuingia mtaroni. Wifi anapiga mayowe, kaka anasema, "Tulia, bado linazoea."

LINAZOEA, shoga!

Kufika getini kwa hospitali, kuna tuta. Krrrr! Likakwama katikati, magurudumu ya mbele yananing'inia. Kweli limeshika barabara. Limeishika kwa tumbo.

Wifi akashuka, akatembea hadi wodini huku ameniegemea.

Kapata mtoto wa kike, wote wazima. Nesi akauliza baba yuko wapi. Nikamwonyesha dirishani: yuko chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana.

Wifi pale kitandani hata hakugeuka. "Mwambieni yeye mwenyewe atambeba mwanawe mpaka nyumbani. Kwa miguu."