Bingwa Aliyehesabiwa Juru

Jumatatu, 2 Machi 2015

Juru, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Boda kutoka Kabingo, saa nzima kwenye matope. Mgongo unauma. Miaka hamsini na mbili si umri wa kukaa nyuma ya pikipiki.

Mhariri wa Nairobi anataka maneno elfu moja na mia mbili juu ya Gasore. Joki — mpanda farasi wa mashindano. Bingwa wa Nairobi misimu mitatu, sasa analima maharage kambini. Mhariri: nataka tarehe zote, Perpétue, wewe ndiye mtu wa tarehe. Ndiyo, ndiye mimi. Tangu redio ya Bukavu, miaka ishirini na sita, sijawahi kuandika sahihisho hata moja.

Nilimkuta sokoni, ananing'inia. Kila Jumatatu anajipima kwenye mzani wa ndoano wa Bonaventure, mnunuzi wa maharage. Anashika ndoano kwa mikono miwili, anakunja magoti, watu wanajaa.

"Hamsini na tatu!" Bonaventure alipaza sauti. "Nusu gunia na kidogo! Gasore, nikununue kwa bei ya leo?"

"Hauniwezi," alijibu akiwa bado juu. "Miye niko mbegu."

"Mbegu gani haioti?" mwanamke mmoja akadakia. Gasore hana mke wala mtoto. Alicheka kuliko wote.

Alishuka kwa mguu wa kushoto. Nyonga ya kulia ina chuma tangu alipoanguka 2012. Anatembea kama mtu anayetafuta pa kukaa.

Anaishi kwa shemeji yake Kankindi, mjane wa kaka yake. Binti wa Kankindi, Ikirezi, miaka kumi na tisa, alituletea chai. Kutoka jikoni hadi mlangoni ni hatua tisa. Alipumzika mara moja katikati. Ni valvu ya moyo. Daktari wa Mbarara amesema operesheni yake haifanyiki hapa. Familia ina dosye, faili la wakimbizi wanaoomba kuhamishiwa Amerika. Mahojiano ya mwisho ni mwezi huu huu.

Ukutani, ndani ya nailoni, kipande cha gazeti: Gasore juu ya farasi, na mistari kumi na miwili chini yake. Niliiandika mimi! Oktoba 2009, nilikuwa Nairobi kwa kazi nyingine. Sikujua kama ilifika huku. Kankindi hajui kusoma. Anapangusa ile nailoni kila Jumamosi.

Alhamisi, 5 Machi 2015

Saa nne za mazungumzo. Daftari limejaa nusu.

Kuzaliwa: 1978, milima ya Itombwe, Kongo. Mchungaji wa ng'ombe hadi vita ya 1996. Nakivale Januari 1997. Nairobi 2001, kazi ya kuzoa mavi ya farasi. Palikuwa na jike mmoja aliyeuma kila mtu, jina lake Mvua ya Pili. Gasore alikaa naye mwezi mzima bila kumgusa. Siku moja jike akala mkononi mwake. Bwana wa farasi aliona.

"Ng'ombe na farasi banaogopa kitu kimoja," alisema. "Mutu wa haraka."

Leseni 2003. Ushindi wa kwanza mwaka huo huo, juu ya Mvua ya Pili, mita 1,400. Bingwa 2006, 2008, 2009. Jumla ya ushindi: 211. Alitaja farasi wale kwa majina, mmoja mmoja, mpaka nikaishiwa ukurasa.

Uzito. Siku mbili kabla ya mbio hakula. Alivaa mifuko ya plastiki chini ya sweta na kukimbia mpaka viatu vilowe. Alilamba barafu. Hata leo hamalizi sahani. Anaacha kijiko kimoja, bila kujua.

Halafu jambo ambalo sikuuliza.

Januari 1997, mstari wa kuandikishwa. Kankindi ana Ikirezi mgongoni, mtoto wa miezi. Vijana wa kiume wasio na wazazi wanatengwa pembeni, wanaulizwa habari za vita, kila mmoja anapewa kadi yake peke yake. Gasore ana miaka kumi na minane na kimo cha mtoto. Karani anamtazama, anamuuliza Kankindi: huyu ni wako? Kankindi anaitika. Basi: mtoto wa Kankindi, amezaliwa 1984.

"Hatukudanganya sisi wa kwanza," Kankindi aliingilia kutoka jikoni. "Yeye alikisia. Miye niliitika tu."

Na asiyeonekana siku ya kuhesabiwa anafutwa kwenye kadi, chakula kinapungua. Kwa hiyo bingwa alirudi kila hesabu! Jumapili anapanda farasi Nairobi, mbele ya watu wenye kofia. Anaingia basi. Kampala, Mbarara, Kabingo. Jumanne yuko kwenye mstari wa Juru, anamwita shemeji yake mama. Alhamisi yuko Nairobi tena. Mwaka 2008 hesabu ilimkosesha siku mbili za mbio. Ubingwa ule aliupata kwa tofauti ya ushindi mmoja tu.

Nikamuuliza, bwana wa farasi hakutaka kujua unakwenda wapi?

"Nilimwambia naenda kuhesabiwa. Alifikiri ni mambo ya dini."

Niliandika miaka yote miwili, 1978 na 1984, mmoja juu ya mwingine. Kisha nikatazama ukutani. Mistari kumi na miwili naijua kwa kichwa: "Gasore, 31, humsaidia shemeji yake mjane, Kankindi, mkimbizi wa Nakivale." Umri wa kweli. Undugu wa kweli.

Nilipaswa kuwaambia wakishushe kile kipande kabla ya mahojiano. Boda alikuwa anapiga honi, mvua inakuja. Nikasema kwaherini.

Jumamosi, 7 Machi 2015

Nyamitanga, nyumbani kwangu Mbarara. Mvua tangu asubuhi. Kengele ya kanisa, watoto wa shule wanapita wamejifunika magunia. Nimeandika maneno mia tisa. Ni mazuri, nadhani. Sehemu ya mwaka wa kuzaliwa niliacha wazi.

Mhariri kwa simu: bingwa gani hana umri? Nikamwambia nasubiri uthibitisho. Si uongo. Si kweli pia.

Jumanne, 10 Machi 2015

Kankindi amepiga simu. Jana afisa wa dosye alikuja nyumbani kumwona mgonjwa. Mtu mpole, anasema. Alikunywa chai. Akakaa chini ya kipande cha gazeti! Alipoinua macho akauliza: huyu juu ya farasi ni mwanao?

"Nikamwambia ndiyo, ni bingwa! Nilifurahi mingi, mama Perpétue. Akasimama, akasoma. Akasoma tena. Akapiga picha na simu, akasema asante kwa chai." Kisha: "Uliandika nini mule?"

Nilimsomea kutoka kichwani. 

"Umri wa mutu ni kitu gani, mpaka muutie mu gazeti?"

 Mahojiano ni Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 19.

Jumatano, 11 Machi 2015

Wamekuja wote wawili, Kankindi na Gasore. Viatu walivua mlangoni kwa sababu ya matope. Kankindi aliniletea maharage mabichi kwenye kitenge. Nilijua kabla hajakaa.

Anataka barua. Kwamba mwaka 2009 niliandika haraka, nikakosea mambo mawili: umri na undugu.

"Sikukosea," nilisema.

"Najua haukukosea. Kila mutu anajua weye haukosei. Ndiyo maana batakuamini."

Gasore alikuwa anatazama kikombe chake. Nikamuuliza yeye anasema nini.

"Miye sikuombi kitu, dada."

"Nyamaza," Kankindi akamwambia. "Kumi na minane miaka unaniita mama mbele ya batu. Leo ndiyo umepata haya?"

Hapo hata mimi nilicheka kidogo. Kisha Kankindi akaanza kulia, bila sauti, huku anaendelea kumenya maharage yangu. Alimenya yote. Walipoondoka nilikuta bakuli limejaa.

Barua sijaiandika.

Ijumaa, 13 Machi 2015

Gasore amerudi, peke yake. Alitembea kutoka stendi na nyonga ile. Ana wazo: ajitoe. Aende ofisini aseme yote, wamfute, wale wawili wasafiri.

Nilikuwa nimekwisha kumuuliza mwanasheria ninayemfahamu, bila kutaja jina. Jibu lake lilikuwa fupi: kujitoa ni kukiri. Kankindi ametia dole gumba kila hesabu tangu 1997. Dosye inasimama nzima au inaanguka nzima. Nikamwambia hivyo hivyo.

 Akasema 2012 farasi wa mbele alipoanguka, aliona mapema, aliona vizuri kabisa. "Sikuwa na fasi ya kupita, kushoto wala kuume."

Halafu akauliza kama nimeshaandika habari yake. Nikasema nusu. Akataka nimsomee. Nikamsomea maneno yote mia tisa. Alisikiliza amefumba macho, mikono juu ya magoti, vidole vikifanya kazi kidogo. Mahali pamoja akanikatiza.

"Mvua ya Pili alishinda kwa urefu wa shingo. Umeandika wa kichwa."

Nikatazama daftari. Shingo. Nimekosea. Nikasahihisha kwa mkono.

"Sasa iko sawa," alisema. "Usiitoe gazetini. Lakini usiitupe."

Miaka mitatu amelima maharage akingoja mtu aje na kalamu. Aliposimama kuondoka alisema asante kwa chai. Hakuwa ameimaliza.

Jumatatu, 16 Machi 2015

Nimemwambia mhariri hakuna habari. Alikasirika kwa adabu. Akasema labda umechoka, Perpétue. Labda.

Ikirezi amelazwa Mbarara tangu jana. Nilimpelekea uji. Amelala nusu kuketi, midomo imepauka. Anajizoeza: "Kaka Gasore. Kaka yangu Gasore." Maisha yote anamwita baba mdogo. Mara ya tatu akacheka, pumzi ikamkwama, muuguzi akaja akanitazama vibaya.

Nilipotoka nikampigia Bonaventure. Gasore amejipima? Amejipima: hamsini na moja. "Anafunga mwenyewe, mama, hatumwelewi. Kwani kuna mbio wapi?"

Jumatano, 18 Machi 2015

Nimepiga chapa barua kwenye kompyuta ya kukodi, mjini. Mistari sita. "Mimi niliyetia sahihi hapa chini, mwandishi wa habari..." Sehemu mbili niliacha wazi, nukta nukta: umri, undugu. Kijana wa dukani alisema nyabo, yaani mama, hujamaliza. Nikamwambia chapa hivyo hivyo.

Nilitafuta pia nakala yangu ya gazeti la 2009. Mistari kumi na miwili. Nilisoma nikitafuta kosa lolote, hata dogo, la kuanzia. Hakuna.

Alhamisi, 19 Machi 2015

Benchi nje ya ofisi, Nakivale. Saa nne na robo asubuhi. Watu kama sitini, kila mmoja na bahasha yake ya plastiki. Naandika kwenye goti.

Ikirezi wamemleta kutoka hospitali kwa gari, amerudi garini kulala. Aliingia wa kwanza. Dakika tano. Alipopita aliniambia: nimesema kaka, mara zote. Uso wake ulikuwa na jasho.

Kankindi dakika ishirini. Ametoka, ameketi upande wa pili wa benchi, kitenge kimefika machoni. Hakunitazama. Huku akitazama mlango alisema amewaambia kuna mwandishi hapa nje ambaye ataeleza lile gazeti. Hivyo tu.

Gasore yuko ndani tangu saa nne kasoro robo. Amevaa shati jeupe, kola pana kuliko shingo. Kabla ya kuingia alivuta pumzi tatu, akapanda ngazi kwa mguu wa kushoto.

Dakika thelathini sasa. Mbio ndefu kuliko zote alizopanda zilikuwa mita 3,200. Dakika tatu na nusu, alisema. Iko kwenye daftari.

Nimetoa barua. Kalamu ya buluu. Umri: nimejaza 25. Undugu: nimejaza mama yake. Maandishi yamekaa vizuri, yamenyooka kama kazi yoyote.  

Dakika arobaini. Kankindi amesogea. Sasa bega lake liko karibu na langu.  Ananuka moshi na sabuni.

Mlango umefunguliwa. Si Gasore. Ni afisa mwenyewe — kweli ana uso mpole — ana simu mkononi na picha iko wazi juu yake. Anauliza ni nani hapa anaitwa Perpétue.

Watu wanatazamana. Kankindi anatazama chini.

Barua bado haina sahihi. Anauliza tena.