Uliandika “Watoto Wangu,” Papa, Bila Majina

Papa,

Leo mahakamani juji wa tribinali amesoma tena wosia wako: “Nyumba ya Songo ninawaachia watoto wangu wote.” Basi, hakuna jina hata moja. Akavua miwani, akaniuliza: “Mama, weye ni mutoto wake kwa karatasi gani?” Sikuwa na karatasi. Nilisimama pale kama mwizi aliyekamatwa na kuku mkononi.

Najua kwa nini hukuandika majina. Nilikuwepo siku ile mwalimu wa parokia alipokuandikia. Alikuuliza sisi ni wangapi na tunaitwa nani, ukamfokea: “Batoto habahesabiwake! Unataka kifo kisikie?” Wazee wa kwetu ndivyo mlivyo. Mihogo mtahesabu, watoto hapana. Na miaka ile kifo kilikuwa kinapita mlango kwa mlango, nani angekubishia? Ulitaka kunificha. Umenificha mno, Papa.

Baba mdogo, yule mdogo wako uliyemfundisha uashi, alikuja matanga yakiwa ndiyo kwanza yameondolewa. Aliniambia mbele ya wanangu: “Weye hauko damu yetu. Kaka alikuokota ku barabara. Fungasha.”

Ni kweli uliniokota. Watu walikuwa wanakimbia kutoka Makobola, mimi nimekaa kando ya mama yangu ambaye haamki, nawe ukanipandisha mgongoni hadi Uvira. Sura ya mama imenipotea. Nakumbuka shingo yako, jasho na vumbi la saruji. Ningempelekea juji shingo hiyo kama ningeweza.

Na baba mdogo huyo huyo ndiye aliyeshika wembe siku ya matanga! Alimnyoa dada Furaha, kisha akanikalisha mimi akaninyoa, maana wanaonyolewa ni watoto wa marehemu. Nywele zangu hazijafunika hata kidole, naye ameshasahau. Nilimweleza juji. Alinisikiliza kwa heshima, halafu akasema mtoto wa kulelewa hurithi kama tribinali ilimpitisha kwa karatasi kuwa mtoto wa aliyemlea. Wembe haumo katika sheria.

Ungeweza kunipitisha. Nilikukumbusha mara ngapi? “Vita ikiisha, tutaenda.” Vita gani, Papa? Moja ilitoka, nyingine ikaingia, na ofisi ya komini, ya serikali ya mtaa, ikaungua pamoja na madaftari yake. Nakukasirikia. Acha niseme. Nakukasirikia huku nalia, na wewe huko uliko huwezi hata kuniambia ninyamaze.

Lakini lililonivunja ni la Furaha. Yeye uliyemzaa, niliyelala naye mkeka mmoja. Tulipokimbilia Lemera alinishika mkono njia nzima, na ulipotukatia muhogo mmoja vipande viwili, alinipa kile kikubwa. Juji akamuuliza: “Huyu ni mudogo yako?” Akatazama chini. Baba mdogo alikuwa amekaa nyuma yake, naye ndiye aliyemwambia Furaha: “Huyu akitoka, nyumba ni yako peke yako.” Furaha akajibu: “Papa alimulea.”

Alimulea. Si uongo, ndiyo maana sikuweza kumpinga. Nilisubiri aongeze “ni mudogo yangu.” Akarudi kukaa.

Hukumu itasomwa Jumatatu. Sina pa kuwapeleka wanangu. Mtu mwingine hufukuzwa kwao akarudi kwa wajomba. Mimi wajomba zangu ni nani? Hata mama yangu simjui jina. Nikitolewa Songo, natolewa duniani. Usiku nasali, mchana napika, na ugali unaniungulia kila siku.

Karani alinipa karatasi ya kujaza. Palikuwa na mstari: jina la baba. Nikaandika lako. Akaniambia: “Futa kwanza, mama, juji hajakata kesi.” Sikufuta. Alinitazama, akaipokea hivyo hivyo.

Pumzika, Papa. Kuhusu nyumba siwezi kukuahidi kitu, inaweza kwenda. Furaha nitajaribu kumsamehe, ila si wiki hii. Ninachokuahidi ni hiki: Jumatatu wakiniita kwa jina lako, nitaitika. Wakiniita kwa jina lingine lolote, nitabaki nimekaa, hata kama wanaita kunipa nyumba.

Mtoto wako,
Riziki