Dakika Arobaini za Kurudi

3 Juni

Binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa hilo jicho. Wewe na wajukuu zangu hamjambo?

Nina miaka sabini na sita. Nimezika malori matatu, matajiri wawili, na daktari aliyesema sitafika hamsini. Kwa hiyo usinifanye mtoto.

Tiketi zimefika. Kwenda, ndege inaondoka saa tatu asubuhi, inafika saa tano na dakika arobaini. Kurudi, inaondoka saa nane mchana, inafika saa nane na dakika arobaini. Njia ile ile! Kwenda saa mbili na ushee, kurudi dakika arobaini? Njia hiyo nimeiendesha miaka thelathini, kila shimo lake nalijua. Haijawahi kuwa ndefu ukienda na fupi ukirudi.

Unanipeleka wapi? Jirani anasema wazee siku hizi wanaambiwa wanakwenda kutibiwa, kumbe wanakwenda kutupwa kwenye nyumba za wazee. Nisipoelezwa, sipandi.

Baba yako


9 Juni

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, wajukuu wanakuulizia.

Hakuna njama, baba. Saa za huku ziko mbele ya za huko kwa saa moja. Ndege inakaa angani muda wa saa moja na dakika arobaini, kwenda na kurudi. Miaka thelathini hukuliona hilo?

Nimemtafuta yule karani wa bohari ya huku uliyegombana naye ulipokuwa ukileta mizigo. Kacheka mpaka akashika ukuta. Anasema kila safari ulichelewa saa moja, ukakuta geti limefungwa, ukaapa kwamba yeye ndiye anachezea saa.

Upasuaji ni tarehe thelathini. Ukiikosa, daktari anasema jicho la pili nalo litakwenda. Njoo, tafadhali.

Mwanao


18 Juni

Binti yangu,

Salamu. Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nachunguza. Nilidhani karani amekufundisha maneno. Nikamwita utingo wangu wa zamani, nikamkalisha.

"Wewe, kule saa zilikuwa mbele?"

Akatazama viatu vyake. "Zilikuwa mbele, mkuu."

"Na ukanyamaza miaka yote hiyo?"

"Nilikwambia mara moja. Ukanishusha porini, nikatembea mpaka kituo cha mafuta."

Mimi sikumbuki. Lakini alikitaja kituo chenyewe, na hata mvua iliyokuwa inanyesha.

Haya, nakuja. Saa yangu ya mkono siigusi, sijawahi kuigusa. Na hizo dakika arobaini za kurudi bado nazitilia shaka, nitazihesabu mwenyewe ndani ya ndege.

Mwambie karani aje uwanjani. Asimame karibu, nimwone kwa hili jicho lililobaki. Nina neno moja la kumwambia, nimechelewa nalo miaka mingi. Akicheka tena, narudi na ndege hiyo hiyo.

Kama huamini kwamba nakuja, muulize utingo. Ndiye anayenisindikiza mpaka mlango wa ndege, na safari hii simshushi njiani.

Baba yako