Miguu Ndiyo Iliyogoma Kutulia

Mama, shikamoo.

Mgongo vipi, bado unakusumbua ukiinama kupalilia? Mimi, kijana mzuri kuliko wote waliozaliwa Bugarama, nipo huku Nemba. Ni mzima ila nimechoka, mama, mpaka kumeza mate ni kazi. Naandika kwa sababu simu ni ya mjomba, na nikiongea anasimama pembeni kama askari.

Najua kakwambia ugonjwa umerudi, uje na wanaume wanifunge kamba. Sikiliza na upande wangu. Zile sauti hazijarudi. Vidonge vya haloperidol nilivyopewa kliniki vimezinyamazisha. Kilichokuja ni miguu. Nikikaa, ndani ya mifupa panawasha, lazima nisimame nizunguke nyumba. Nimezunguka mpaka nimechora njia, kuku wanaipitia. Mjomba akiniona anasema kichaa kimepanda, ananiongezea kidonge. Nikikimeza, miguu inazidi, naye anaongeza kingine. Kaka yako ni bingwa wa mahindi, mama, udaktari awaachie wenyewe.

Juzi kliniki nikashindwa kukaa kwenye benchi. Mjomba akaanza kunishtaki. Nesi akamwomba anyamaze, akanigeukia mimi.

“Unatembea kwa kuwa kuna anayekuamuru, au miguu yenyewe haikubali kutulia?”

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Mimi mwenye mdomo nikalia, nikamwambia ni miguu.

Akasema dawa hizi za zamani zinaziba kemikali fulani kichwani, ambayo ikizidi mtu anasikia yasiyokuwepo. Lakini kemikali hiyohiyo ndiyo inayoongoza miguu, mikono na shingo. Nilivyoelewa, ni kama kufunga geti mbuzi wa jirani wasiingie, na ng'ombe wetu nao wakalala nje. Akampigia daktari, dozi ikapunguzwa. Mjomba akakatazwa kuongeza.

Sasa naweza kukaa nikamaliza ugali. Mikono bado inatetemeka, ndiyo sababu ya mwandiko huu, ingawa hata shuleni haukuwa wa kusifiwa. Tulipofika nyumbani mjomba akasema, “Nilidhani nakusaidia.” Nikamwambia najua.

Msalimie bibi, na dada aliyeolewa jirani, mwambie bado namshinda kwa sura. Barua hii anakuletea fundi baiskeli anayekuja msibani huko.

Dawa siachi, mama. Ila kamba ibaki nyumbani. Ukisikia natembea tena, usimuulize mjomba. Niulize mimi.

Mwanao asiyechosha kuangaliwa,
Zabroni