Kwa Kaka Koleo, Aliyelitupa Shoka

Mwaka umezunguka, kaka, tangu Jumanne ile ulipotoka kwa Mama na mkoba wako wa bahasha, ukasema utawahi chakula cha mchana. Sahani yako ilifunikwa mpaka kesho yake asubuhi. Siku ya nne hospitali wakatuita tuchukue mwili wako.

Watu wa mtaa walikuita Koleo kwa sababu ulikusanya meno ya watoto, ingawa hukuwahi kung'oa hata moja. Ulingoja yadondoke yenyewe. Watafiti walikufundisha kwamba jino la utoto hutunza sumu iliyomwingia mtoto, kama sufuria inavyotunza masizi, wakakutuma kwenye nyumba zilizo karibu na yadi za kuvunjia betri za magari. Wewe mwenyewe ulivunja betri miaka sita kabla hujaziacha. Ulijua vumbi la madini ya risasi linakaa wapi: kwenye mto wa kulalia, kwenye viatu vya baba, kwenye kucha za mtoto anayetambaa.

Kila jino ulililipia kipande kimoja cha sabuni. Bibi wa nyumba ya kona alikufuata na jino lake la mwisho linaning'inia, akataka sabuni yake. Ulimwambia, "Bibi, hilo bado lina kazi. Likitoka, wajukuu utawatishia nini?" Alicheka mpaka tukaogopa litadondoka kweli.

Si wote waliocheka. Wiki ya kwanza ulipigwa mawe. Wiki ya tatu baba mmoja, aliyeambiwa unawauzia wachawi meno ya watoto, alikupasua mdomo mlangoni pake. Ulirudi na bahasha kumi, na jino lako mwenyewe kiganjani. Ukamwambia daktari wa utafiti, "La kumi na moja msiliandikie namba, mwenyewe ana miaka thelathini na nne." Daktari alilia, wewe unacheka, damu inakuchuruzika kwenye shati. Siku hiyo ulimwahidi kwamba ukiwa kazini hutamrudishia mtu kofi. Wewe, ambaye ujanani ulikuwa hukopeshi ngumi.

Kaka, sasa naandika lile ambalo hatukuliandika kwenye tangazo la msiba.

Mume wangu, shemeji yako, alikuwa na tanuri nyuma ya nyumba yetu. Alipasua betri kwa shoka, akamwaga maji yake mtaroni, akayeyusha risasi kwenye karai. Mimi nilichekecha majivu. Nilichekecha nikiwa na mimba ya Chiriku, nikachekecha naye akiwa mgongoni. Mtoto tuliyemwita Chiriku kwa kupenda domo, alipofika miaka sita akawa anatafuta maneno kama mtu aliyeangusha sindano. Tumbo likawa linamuuma, hali, halali.

Jino lake la kwanza lilipotoka, baba yake alinishika koo jikoni. Alisema jino hilo likifika kwa watu wako tanuri litafungwa, na mimi nitarudi kwetu na meno yangu kwenye bahasha. Sikulia. Nilikaa nikafikiri. Mtoto wa mpangaji aliyehamia mwezi ule kutoka mbali alikuwa na jino lake limetoka, nikampa penseli, akanipa. Hilo ndilo nililotia kwenye bahasha yako. La Chiriku nikalificha ndani ya kiberiti juu ya kabati.

Kila nyumba uliangalia kinywa cha mtoto kwanza, ndipo ukapokea jino. Kwangu hukuangalia. Ulisema, "Wewe ni damu yangu, nikukague nini?"

Jumanne ile ulileta karatasi ya majibu, umefurahi kuliko siku zote. Jino safi, ulisema, halina kitu. Ukamnyanyua Chiriku juu, na hapohapo akakakamaa mikononi mwako. Degedege. Macho meupe, povu, visigino vinakugonga kifuani. Nilikimbilia kijiko, ukanifokea nisimtie kitu mdomoni. Ukamlaza ubavu sakafuni, mkono wako chini ya kichwa chake, ukangoja. Alipolegea ukamfuta mate, ukaona pengo. Pengo lilikuwa chini. Karatasi ilisema jino la juu.

Uliniuliza polepole, "Mdogo wangu, lile jino lilikuwa la nani?"

Nikakwambia. Hukunipiga. Ungenipiga, kaka, labda mwaka huu ningepata usingizi.

Ulimweka mtoto mikononi mwangu, ukaniambia nimpeleke kwa daktari na nimweleze ukweli. Kisha ukaenda uani. Nilisimama getini kusubiri pikipiki, na kutoka pale niliona yote.

Ulichukua shoka lililoegemea ukuta ukalipiga tanuri. Kila pigo ulihesabu umri wa Chiriku: mwaka mmoja, miaka miwili, miaka mitatu. Matofali yaliruka, karai likapinduka, risasi ya moto ikatambaa chini ikiunguza kila ilichogusa. Ulipofika miaka sita hapakuwa tena na tanuri. Mume wangu na wafanyakazi wake wawili walikuwa wanakuja mbio. Hapo ulifanya jambo ambalo hakuna aliyelisema mpaka leo. Ulilirusha shoka juu ya ukuta, likaangukia kwa jirani. Ukawageukia mikono mitupu, ukasema, "Ni tanuri tu. Sina ugomvi na mtu."

Mume wangu alikukaba kwa nyuma. Mmoja akakupiga nondo ya magoti, mwenzake akakupiga ya kichwa. Ulipoanguka hawakuacha. Nilisikia mlio kama wa betri inapopasuka, na mlio huo mimi naujua, nimeusikia kila siku tangu niolewe.

Pikipiki ikafika. Nilipanda na mtoto. Nilikuacha pale.

Daktari alimpima Chiriku damu siku hiyohiyo, akamwanzishia dawa. Sumu imeshuka, sasa ni chini ya nusu ya ile ya mwanzo. Daktari anasema ilichokula kichwani hakitarudi chote. Herufi anazichanganya, na akitumwa vitu viwili analeta kimoja. Lakini juzi alimwambia Mama kwamba chai haina sukari na aliyeipika afukuzwe kazi. Tukamwacha aendelee kutusema.

Jino lake la kweli nilimpelekea daktari wa utafiti mwezi mmoja baada ya kukuzika. Alilipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kwa nini, nikamweleza. Nyumbani sikusema. Niliogopa uso wa Mama. Niliwaogopa na wakwe zangu.

Kwa sababu hiyo, kaka, umelala mwaka mzima na jina lisilo lako. Wale watatu wako mahabusu, na maneno yao ni mamoja: kwamba ulivamia kama kichaa, bila sababu, ukataka kuwakata, wao wakajitetea. Shoka lilipookotwa kwa jirani walisema ni wao waliokunyang'anya wakalitupa. Majirani waliosikia matofali yakibomoka wamewaamini. Hata msibani kwako nilisikia mtu ananong'ona kwamba sumu ya betri ilikupanda kichwani.

Wiki mbili zilizopita nilimwambia Mama yote, la jino na la shoka. Alinizaba kofi. Akanizaba la pili. Akaketi, akaisukuma chai yake kando. Kisha akasema, "Mwanangu amezikwa mwendawazimu, na wewe ulimi unao. Andika. Ukimaliza kuandika, ukaseme."

Basi nimeandika. Watakaosoma hapa wajue hukuwa kichaa. Ulikuwa na sababu, na sababu hiyo niliitia mimi kwenye bahasha. Jumatatu kesi inasikilizwa. Nitasimama mbele ya baba wa mtoto wangu, niseme shoka ulilitupa mwenyewe, kabla mtu hajakugusa. Ndugu zake wametuma salamu kwamba njia ninayopita wanaijua. Na waijue. Nitapita hiyohiyo, mchana, na Mama amesema atanishika mkono.

Unakumbukwa na Mama yako. Na dada yetu mkubwa na mumewe. Na mchumba wako, ambaye pete hajaivua. Na daktari na wenzako wa kazi, ambao bado wanazunguka nyumba kwa nyumba. Na Chiriku, anayeuliza mjomba atakuja lini. Na mimi mdogo wako, shahidi wako.

Siku zote za uhai wetu, kaka, hatutakusahau.